Amri isiyo na saini ya rais: nia zilizokuwa nyuma ya mabomu ya Hiroshima na Nagasaki

Tarehe 25 Julai 1945, Jenerali Thomas Handy, aliyekuwa akikaimu ukuu wa jeshi la nchi kavu la Marekani kwa kuwa mkuu wake, George Marshall, alikuwa Potsdam nchini Ujerumani, alitia saini amri fupi iliyoelekezwa kwa Jenerali Carl Spaatz wa jeshi la anga. Amri hiyo ilisema kwamba kikosi cha 509 kitaangusha "bomu maalumu" la kwanza mara hali ya hewa itakaporuhusu marubani kuiona shabaha kwa macho, kuanzia tarehe 3 Agosti hivi, juu ya mji mmojawapo kati ya minne: Hiroshima, Kokura, Niigata na Nagasaki. Kisha ikaongeza kwamba mabomu mengine yatafuata juu ya miji hiyo kadiri yatakavyokuwa tayari. Spaatz ndiye aliyetaka iandikwe, kwa kuwa hakukubali kubeba jambo zito namna hiyo kwa maneno ya mdomo tu. Haikutaja Urusi, haikutaja idadi ya askari ambao wangeokolewa, haikutaja kisasi cha Pearl Harbor. Haikutaja sababu yoyote ile. Wala haikuwa na saini ya rais.

Swali la kwa nini Marekani ilitumia silaha za atomiki mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa kawaida hupewa jibu moja kati ya mawili. Wapo wasemao kwamba mabomu yale yalikusudiwa kuvimaliza vita haraka na kuokoa maisha ya wanajeshi, na wapo wasemao kwamba Japani ilikuwa imekwisha kushindwa, hivyo aliyekusudiwa kutishwa alikuwa Stalin, kiongozi wa Urusi. Kila upande una ushahidi wake, na kila upande huusoma ushahidi huo kana kwamba siku fulani, mahali fulani, wakubwa walikaa wakaziweka sababu mezani, wakazipima moja baada ya nyingine, kisha wakachagua. Ukizifuata nyaraka hatua kwa hatua, kikao hicho hukioni. Unachokiona ni mradi uliojengwa tangu mwanzo ili utumike, na kundi la watu ambao kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kuuacha uendelee. Katika mazingira hayo, aliyetakiwa kuja na hoja ni yule aliyetaka kuzuia.

Kabla ya kuendelea yafaa tutenganishe maswali matatu ambayo mijadala mingi huyachanganya. Kwa nini bomu lilitumika ni swali la nia. Kwa nini Japani ilisalimu amri ni swali la matokeo. Kama tendo lenyewe lilikuwa halali ni swali la maadili, na jibu lake halipatikani kwa kujibu mawili ya kwanza. Mfano mzuri wa mchanganyiko huo ni ripoti ya wachunguzi wa serikali ya Marekani ya mwaka 1946, iliyohitimisha kwamba Japani ingesalimu amri kabla ya tarehe 31 Desemba 1945, na kwa uwezekano mkubwa kabla ya tarehe 1 Novemba, hata kama mabomu ya atomiki yasingeangushwa na Urusi isingeingia vitani. Hitimisho hilo hunukuliwa sana kama ushahidi kwamba wakubwa wa Washington walikuwa na ajenda nyingine. Lakini liliandikwa baada ya vita, na watu waliokuwa wamekwisha kuwahoji viongozi wa Japani ana kwa ana; halituambii chochote kuhusu yale waliyoyaamini watu wa Washington mwezi Julai.

Mradi wenyewe haukuanzishwa kwa ajili ya Japani. Mwezi Agosti 1939, Albert Einstein alitia saini barua iliyotokana hasa na juhudi za mwanafizikia Leo Szilard, ya kumtahadharisha Rais Franklin Roosevelt kwamba Ujerumani huenda ikaunda bomu la aina mpya. Barua hiyo iliitaja Kongo ya Wabelgiji kuwa chanzo muhimu kuliko vyote cha urani, madini ya kuundia bomu hilo. Chanzo hicho kilikuwa mgodi wa Shinkolobwe, huko Katanga, uliomilikiwa na kampuni ya Union Minière. Mkurugenzi wake, Edgar Sengier, akihofia madini yale yasije yakaangukia mikononi mwa Wajerumani, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 hadi New York mwaka 1940, na mzigo huo ulikaa ghalani hadi Septemba 1942, afisa wa jeshi alipokwenda kuuliza urani inapatikana wapi akaambiwa iko hapo hapo mjini. Wachimbaji wa Katanga, ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya kazi, waliyatoa ardhini mawe ambayo hakuna aliyewaeleza yangekwenda kufanya nini. Hata kule Marekani, wengi wa waliojenga na kuendesha viwanda vya mradi hawakujua wanatengeneza nini.

Basi nia ya kwanza ilikuwa hofu: kumuwahi Hitler. Hofu hiyo ilikwisha kabla ya silaha kuwa tayari. Kufikia mwishoni mwa mwaka 1944 majasusi wa Washirika walikuwa na ushahidi wa kutosha kwamba Wajerumani hawakuwa karibu na bomu, na mwezi Mei 1945 Ujerumani yenyewe ikasalimu amri. Hapa ndipo ingetarajiwa kwamba mtu angesimama na kuuliza kazi hii sasa ni ya nini. Mwanasayansi mmoja alifanya hivyo: Joseph Rotblat, mzaliwa wa Poland, aliyeondoka Los Alamos, maabara ya mradi, mwishoni mwa 1944 kwa kuwa sababu iliyompeleka pale haikuwapo tena. Wenzake walibaki, na kasi ya kazi ikaongezeka. Tayari mwezi Septemba 1944 Roosevelt na Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, walikuwa wamekubaliana kwa maandishi kwamba bomu likiwa tayari huenda, baada ya kufikiriwa kwa kina, likatumiwa dhidi ya Wajapani. Adui alibadilishwa bila mradi kusimama hata siku moja.

Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili 1945, na Harry Truman, aliyekuwa makamu wa rais kwa chini ya miezi mitatu, akaurithi mradi ambao hakuwa akiujua. Maelezo kamili aliyapata tarehe 25 Aprili kutoka kwa Waziri wa Vita, Henry Stimson, na Jenerali Leslie Groves, msimamizi wa mradi. Wakati huo zilikuwa zimetumika karibu dola bilioni 2, kwa siri, bila Bunge kuelezwa fedha zinakwenda wapi. Mwanasiasa James Byrnes, ambaye baadaye alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Truman, alikuwa amemwonya Roosevelt kwa maandishi tangu mwezi Machi kwamba mradi ukishindwa kutoa matokeo, uchunguzi na lawama havitaepukika. Sidhani kuna mtu aliyeamua kuuchoma mji ili kuhalalisha matumizi ya fedha. Lakini jiulize ni rais gani mgeni, asiyechaguliwa kwa kiti hicho, ambaye angelisimamia kaburi la mwanajeshi aliyekufa katika uvamizi wa Japani mwezi Novemba na kumweleza mama yake kwamba silaha ya kuvimaliza vita ilikuwapo tangu Agosti, ikagharimu mabilioni, naye akaiacha stoo. Stimson na Byrnes hawakuhitaji kuliuliza swali hilo kwa sauti. Lilikuwamo chumbani muda wote.

Jambo la pili ambalo wasomaji wa leo hulisahau ni kwamba mpaka wa kuua raia ulikuwa umekwisha kuvukwa. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Machi 1945, ndege za B-29 chini ya Jenerali Curtis LeMay zilimwaga mabomu ya moto juu ya makazi ya mbao ya mashariki mwa Tokyo, na watu wanaokadiriwa kufika 100,000 wakafa katika usiku mmoja. Hakuna aliyetakiwa kupata kibali maalumu cha rais kwa kazi ile. Hadi mwezi Agosti miji zaidi ya 60 ilikuwa imechomwa kwa namna hiyo hiyo, na kamati iliyochagua shabaha za bomu la atomiki ilikuwa na tatizo la ajabu kidogo: kupata miji mikubwa ambayo bado haijaungua, ili nguvu ya silaha mpya ionekane bila kuchanganywa na uharibifu wa zamani. Hiroshima, Kokura na Niigata zilihifadhiwa zisishambuliwe kwa mabomu ya kawaida, na wakazi wake wakabaki wakijiuliza kwa nini wao wameachwa.

Sasa tuje kwenye hoja iliyo mashuhuri kuliko zote, ya kuokoa maisha. Mwaka 1945 vita vya Pasifiki vilizidi kuwa vya kutisha kadiri vilivyosogelea visiwa vya Japani. Wamarekani karibu 7,000 walikufa Iwo Jima, kisiwa kidogo ambacho mtu anaweza kukizunguka kwa miguu kwa siku moja, na zaidi ya 12,000 wakafa katika vita vya Okinawa kati ya Aprili na Juni, pamoja na makumi ya maelfu ya raia wa Okinawa wenyewe. Babu zetu wa King's African Rifles waliokabiliana na Wajapani katika bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944 hawakuhitaji kusimuliwa jinsi jeshi lile lilivyopigana. Kwa hiyo hofu ya uvamizi wa Japani yenyewe haikuwa hadithi. Tarehe 18 Juni, katika kikao cha Ikulu, Truman aliidhinisha maandalizi ya kukivamia kisiwa cha Kyushu tarehe 1 Novemba. Hatua ya pili, uwanda wa Tokyo, ingefuata mwaka 1946.

Takwimu ndizo zenye matatizo. Hati ya wapanga vita ya mwezi huo wa Juni ilikadiria kwamba kuivamia Kyushu ya kusini na kisha uwanda wa Tokyo kungegharimu Marekani vifo 40,000 hivi na majeruhi 150,000. Katika kikao cha tarehe 18, Marshall alisema siku 30 za kwanza za Kyushu zisingegharimu zaidi ya kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino, yaani waliouawa, kujeruhiwa na kupotea wapatao 31,000. Mwaka 1947 Stimson aliandika kwenye jarida kwamba aliambiwa hasara ingezidi milioni moja kwa majeshi ya Marekani peke yake, na Truman katika kumbukumbu zake za mwaka 1955 akataja maisha nusu milioni. Makadirio makubwa namna hiyo yalikuwapo mwaka 1945, yalitoka kwa rais wa zamani Herbert Hoover, lakini wataalamu wa jeshi waliyaona yamepita kiasi. Pia ni kweli kwamba kufikia mwanzoni mwa Agosti, mawasiliano ya siri yaliyonaswa yalionyesha askari wa Japani huko Kyushu wamepita nusu milioni, ilhali wapangaji walikuwa wametarajia 350,000 hivi, kwa hiyo makadirio ya Juni yalikuwa yakichakaa kila wiki. Mtu hahitaji milioni ili kuielewa nia hii: vifo 40,000 vya vijana wako ni sababu tosha kwa kiongozi yeyote aliye vitani. Idadi ilikuzwa baadaye, wakati swali lilipokuwa limegeuka kutoka "tufanye nini" na kuwa "mlifanya nini", na hapo ndipo nia inapoanza kuchanganyika na utetezi.

Lakini hoja ya kuokoa maisha huleta picha ya njia mbili tu, bomu au uvamizi, na njia hazikuwa mbili. Ilikuwapo njia ya kuendelea kuizingira Japani baharini na kuipiga kutoka angani; ilikuwapo ya kuingoja Urusi; na ilikuwapo ya kulegeza sharti la kusalimu amri bila masharti. Hii ya mwisho ndiyo yenye utata mwingi, nayo inahitaji subira ya msomaji.

Marekani ilikuwa ikisoma telegramu za siri za wanadiplomasia wa Japani. Katikati ya Julai, Waziri wa Mambo ya Nje Shigenori Togo alimwandikia balozi wake wa Moscow, Naotake Sato, kwamba Mfalme Mkuu, Hirohito, anataka vita viishe, na kwamba kikwazo pekee cha amani ni dai la kusalimu amri bila masharti. Wanaosema Japani ilikuwa tayari kusalimu amri huishia kwenye telegramu hiyo. Zinazofuata hazitajwi sana. Sato alimjibu mkuu wake kwa ukali usio wa kawaida kwa balozi, akimweleza kwamba hakuna njia isipokuwa kusalimu amri bila masharti au kwa masharti yanayokaribiana na hayo. Na tarehe 21 Julai Togo akajibu kwamba jambo hilo haliwezi kukubaliwa kwa hali yoyote. Tokyo ilitaka amani, lakini haikusema amani gani, na ilimtafuta Stalin awe mpatanishi wakati Stalin alikuwa amekwisha kuahidi huko Yalta, mwezi Februari, kuishambulia Japani ndani ya miezi miwili au mitatu baada ya Ujerumani kuanguka.

Stimson, pamoja na Joseph Grew aliyewahi kuwa balozi Tokyo, walishauri Wajapani waelezwe wazi kwamba wanaweza kubaki na ufalme wao. Rasimu ya tamko la Potsdam, la kuitaka Japani isalimu amri, ilikuwa na sentensi ya maana hiyo. Ilipotolewa tarehe 26 Julai sentensi hiyo haikuwamo. Lilibaki tishio la "maangamizi ya haraka na kamili" bila kuelezwa yatakuja kwa njia gani. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kantaro Suzuki alitumia neno mokusatsu, ambalo laweza kuwa na maana ya kukaa kimya au ya kupuuza kwa dharau, na Washington ikalichukua kwa maana ya pili. Byrnes na wenzake walikuwa na sababu za kisiasa za kukataa kulegeza: umma wa Marekani ulimchukia Hirohito, na kauli ya "bila masharti" ilikuwa ahadi ya Roosevelt mwenyewe. Baada ya mabomu, Mfalme Mkuu aliachwa kwenye kiti chake, akakikalia hadi alipofariki mwaka 1989. Kwangu mimi hili ndilo eneo ambalo viongozi wa Marekani wanastahili lawama zaidi, kwa sababu lilikuwa jaribio lisilogharimu hata risasi. Kama lingefaulu ni jambo jingine, kwani majenerali wa Tokyo walidai zaidi ya ufalme: hawakutaka nchi yao ikaliwe, na walitaka wajivue silaha na kuwahukumu wahalifu wa kivita wao wenyewe.

Vipi kuhusu Urusi? Mwanahistoria Gar Alperovitz alipodai mwaka 1965 kwamba kuibana Moscow lilikuwa lengo muhimu la bomu, alizua ugomvi ambao haujatulia hadi leo. Ushahidi wake si wa kubuni. Szilard alipomtembelea Byrnes mwishoni mwa Mei 1945 alitoka na hakika kwamba mwanasiasa yule aliliona bomu kama njia ya kuwafanya Warusi wawe rahisi kushughulika nao Ulaya ya mashariki. Mlipuko wa majaribio katika jangwa la New Mexico ulifanyika tarehe 16 Julai, saa 11:29 alfajiri, siku moja kabla ya mkutano wa Potsdam kufunguliwa, na haikuwa sadfa: Truman alikuwa ameuahirisha mkutano, na wanasayansi walibanwa wawahi. Taarifa kamili ya mlipuko ilipomfikia Truman, wenzake walimwona ni mtu mwingine kikaoni. Tarehe 24 Julai alimsogelea Stalin, akamwambia kwa juu juu tu kwamba Marekani ina silaha mpya yenye nguvu isiyo ya kawaida. Stalin, ambaye majasusi wake walikuwa ndani ya Los Alamos, hakuonyesha mshangao.

Shajara ya Truman mwenyewe, hata hivyo, haitulii upande mmoja. Tarehe 17 Julai anaandika kwa kuridhika kwamba Stalin ataingia vitani tarehe 15 Agosti, na kwamba huo utakuwa mwisho wa Wajapani. Kesho yake anaandika kwamba anaamini watasalimu amri kabla Urusi haijaingia, mara bomu litakapotokea juu ya nchi yao. Mtu aliyetaka kumzuia Stalin asingefurahia ahadi yake. Mtu asiyejali asingehesabu nani atatangulia. Ninavyousoma ushahidi, Urusi ilikuwa faida ya ziada ambayo Byrnes aliithamini sana na Truman aliipenda ilipojitokeza, lakini ukiiondoa kabisa mezani, bomu lingeangushwa vile vile. Kwa upande wa pili, ukiiondoa, huenda haraka ya wiki ile ya kwanza ya Agosti ingepungua.

Nia huonekana vizuri zaidi katika maamuzi madogo kuliko katika hotuba, na kamati za mwezi Mei ziliyafanya mengi. Walipokutana Los Alamos tarehe 10 na 11 Mei, wateuzi wa shabaha waliiweka Kyoto mbele. Walitoa hoja kwamba ni kitovu cha wasomi, ambao wangeelewa vizuri maana ya silaha ile. Stimson aliifuta Kyoto kwenye orodha, Groves akairudisha, Stimson akaifuta tena, na mwishowe akalipeleka jambo hilo kwa Truman mwenyewe akisema kwamba ukatili wa kuuharibu mji ule wa kale ungewafanya Wajapani wawachukie Wamarekani kwa muda mrefu na kuwaelekeza kwa Warusi. Nafasi iliyobaki wazi ikajazwa na Nagasaki.

Kamati iliyomshauri rais, chini ya Stimson, ilikaa tarehe 31 Mei na 1 Juni. Wazo la kulilipua bomu kwanza mahali pasipo na watu, ili Wajapani waone na kujirudi, lilizungumzwa wakati wa chakula cha mchana kwa dakika chache tu. Lilikataliwa kwa hoja kwamba bomu huenda lisilipuke, kwamba Wajapani wakitangaziwa mahali wataleta mateka wa vita hapo, na kwamba yalikuwapo machache mno. Baadhi ya wanasayansi wa mradi waliokuwa Chicago walilirudisha wazo hilo kwa maandishi mwezi Juni. Tarehe 16 jopo la wanne, akiwamo J. Robert Oppenheimer, likajibu kwamba halioni onyesho la kitaalamu linaloweza kuvimaliza vita. Kilichokubaliwa ni kutumia bomu bila kutoa onyo, juu ya kiwanda muhimu cha kivita chenye wafanyakazi wengi na kilichozungukwa kwa karibu na nyumba zao. Isome tena sentensi hiyo. Kiwanda kiliwekwa ili shabaha iitwe ya kijeshi, na nyumba ziliwekwa ili mshtuko uwe kamili. Nia ya kushtua ndiyo iliyokuwa msingi wa mpango wote, na mshtuko ulihitaji watu.

Tarehe 25 Julai, siku ile ile ya amri ya Handy, Truman aliandika katika shajara yake kwamba amemwagiza Stimson shabaha ziwe za kijeshi, askari na mabaharia, si wanawake na watoto. Wapo wanaoona hapo unafiki. Mimi naona uwezekano mwingine unaotia hofu zaidi, kwamba rais hakuwa ameelewa sawasawa Hiroshima ni nini. Ulikuwa na makao makuu ya jeshi, ndiyo, na maelfu ya askari. Ulikuwa pia na raia mara kadhaa ya idadi hiyo. Asubuhi ya tarehe 6 Agosti wanafunzi wa shule walikuwa mitaani kwa maelfu wakibomoa nyumba ili kufungua nafasi za kuzuia moto, endapo B-29 zingekuja na mabomu ya kawaida. Ndege ya Enola Gay, iliyobeba bomu, ililenga daraja la Aioi, lenye umbo la herufi T linaloonekana vizuri kutoka juu. Saa 2:15 bomu lililipuka mita 600 hivi angani, likiwa limelikosa daraja kidogo, juu ya hospitali ya Shima. Kufikia mwisho wa mwaka ule waliokufa walikadiriwa kuwa 140,000.

Nagasaki ndiyo inayodhihirisha kwamba hapakuwa na uamuzi mpya kwa kila bomu. Hakuna kikao kilichoitishwa baada ya Hiroshima kuuliza kama Japani imepewa muda wa kutosha wa kujibu. Amri ya Julai ilikuwa imekwisha kusema "kadiri yatakavyokuwa tayari". Bomu la pili lilipangwa kwa tarehe 11 Agosti, na lilirudishwa nyuma hadi tarehe 9 na maofisa wa kisiwa cha Tinian, ambako ndege za kikosi cha 509 zilikuwa zikirukia, kwa sababu ya utabiri wa hali mbaya ya hewa. Usiku wa kuamkia siku hiyo majeshi ya Urusi yaliingia Manchuria, eneo la China lililokuwa mikononi mwa Wajapani. Asubuhi, ndege iliyobeba bomu iliizunguka Kokura mara tatu. Wingu na moshi viliifunika shabaha, mafuta yalikuwa yakipungua, ikageukia Nagasaki. Saa 5:02 bomu lililipuka juu ya bonde la Urakami, mtaa wa Wakatoliki na wa viwanda. Watu wapatao 70,000 walikufa hadi mwisho wa mwaka. Ukitafuta nia iliyoichagua Nagasaki badala ya Kokura siku ile, utakuta moshi.

Huko Tokyo, baraza la vita la watu sita lilikuwa likibishana asubuhi hiyo hiyo, likagawanyika tatu kwa tatu hata baada ya habari ya Nagasaki kuletwa. Usiku wa manane Mfalme Mkuu alikata shauri, na tarehe 10 Agosti Japani ikatuma ujumbe wa kukubali tamko la Potsdam mradi mamlaka ya ufalme yasiguswe. Wanahistoria wanabishana kama kilichomsukuma ni bomu au ni Warusi. Alipowatangazia raia tarehe 15 alilitaja bomu jipya la kikatili. Alipowaandikia wanajeshi wake tarehe 17 aliitaja Urusi na hakulitaja bomu.

Siku hiyo ya tarehe 10, Groves alimwandikia Marshall kwamba bomu la tatu lingekuwa tayari kuangushwa siku ya kwanza yenye hali nzuri ya hewa baada ya tarehe 17 au 18 Agosti. Marshall aliirudisha karatasi ikiwa na maneno aliyoyaongeza kwa mkono wake: bomu hilo lisiachiliwe juu ya Japani bila idhini ya wazi ya rais. Mchana huo Truman aliwaambia mawaziri wake kwamba amesimamisha. Henry Wallace, waziri wa biashara, aliandika katika shajara yake kwamba rais alisema wazo la kuwafuta watu wengine 100,000 linatisha mno, na kwamba hapendi kuua, kwa maneno yake, "watoto wote wale". Ilikuwa mara ya kwanza kwa rais kuingia kati ya bomu na ndege, naye aliingia ili kuzuia.

Amri hiyo ilihusu bomu la atomiki peke yake. B-29 zenye mabomu ya moto ziliendelea na safari zao, na usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Agosti miji ya Kumagaya na Isesaki ilichomwa, saa chache kabla ya sauti ya Mfalme Mkuu kusikika redioni.